Kichwa cha Jumatatu: uchambuzi wa kisa cha mchumba mmoja wa Nakuru

Kisa hiki kililetwa kwangu kama kisa cha moyo. Shangazi wa binti alinipigia simu mwishoni mwa Julai, akasema mtoto wao amevishwa pete mwezi wa sita na tangu siku hiyo hana raha. Kila Jumatatu anaamka kichwa kinampasuka, anatapika, miguu haina nguvu, na akiulizwa jambo anajibu kwa ukali ambao si wake. "Dada," aliniambia, "mdomo umekubali, lakini mwili unakataa. Kaa naye umuulize kama kweli anataka kuolewa."

Nilikuwa muuguzi miaka mingi kabla ya kustaafu. Siku hizi watu huniletea wachumba ili nizungumze nao kabla ya harusi, na shangazi huyu alinijua kwa kazi hiyo ya pili. Binti amesoma haya niliyoandika na ameridhia yatoke. Majina nimeyaacha yote, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Nimeandika kwa sababu watoto wawili wa watu wangeweza kufa usingizini mwezi ule, huku sisi wakubwa tukibishana kuhusu mapenzi.

Binti, pete na safari

Ana miaka 26. Kwao ni Kakamega, upande wa Malava, ila alikuja Nakuru kwa shangazi yake alipomaliza shule ya upili ili ajifunze kazi. Leo ni fundi katika karakana inayofuma sweta za shule. Amepanga chumba kimoja Kaptembwo, magharibi mwa jiji, anaishi na mdogo wake wa kidato cha pili anayesoma shule ya kutwa. Karo ya mdogo huyo wanasaidiana na baba yao, na mwezi ambao mahindi ya nyumbani hayajavunwa, sehemu kubwa humwangukia yeye.

Mchumba wake ni Mjaluo wa Kisumu, fundi wa injini za boti, anayeshinda Dunga ufuoni na mafuta mikononi. Walijuana kwenye harusi ya rafiki yao. Kwa muda mrefu yeye ndiye aliyekuwa akipanda gari kuja Nakuru, mara moja kwa mwezi au pungufu. Mwezi wa sita alikuja na wazee wawili wakabisha hodi kwa shangazi, chai ikanywewa, pete ikavikwa. Yote yalikwenda vizuri, hilo kila mtu analisema.

Baada ya pete safari zikageuka. Sasa binti ndiye wa kwenda. Mama wa kijana alitaka kumwona na kumzoea. Ukaja msiba wa baba mdogo wa kijana, na mchumba mwenye pete hawezi kukosa kuonekana kwenye msiba. Ikaja harambee ya kanisa. Kisha bibi yake binti, kule Malava, akasema haiwezekani asikie habari za pete kwa simu, kwa hiyo kutoka Kisumu akaunganisha gari la kupitia Chavakali hadi Kakamega. Wikendi karibu zote za Juni na Julai zilikuwa za barabarani.

Anayeijua barabara hiyo anajua maana yake. Jumamosi kazi inaisha saa saba mchana. Anafika steji, gari linangoja lijae. Kisha Salgaa, Mau Summit, Londiani, Kericho ambako mvua ya alasiri haikosi, halafu mteremko wa kwenda Ahero. Anafika Kisumu giza limeingia. Na barabara yenyewe haipitwi kwa moyo mwepesi. Tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo penye makutano ya Londiani likagonga magari, wachuuzi na wasafiri, na zaidi ya watu 50 wakafa. Binti aliniambia kila gari likipita pale abiria hunyamaza. Jumapili jioni anarudi kwa njia hiyo hiyo, na kufika Nakuru ni saa tatu, wakati mwingine saa nne usiku, halafu boda boda hadi Kaptembwo.

Halafu kuna baridi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku wake huingia mifupani. Kisumu, kando ya ziwa, iko karibu mita 1,130, na watu hulala wakiwa wamejifunika shuka tu. Binti alikuwa akifunga mkoba wenye sweta nzito na gauni jepesi pamoja, anavaa moja na kuvua jingine njiani.

Mengine yalikuwa madogo madogo. Simu iliingia maji Kericho. Omena aliyopewa na mama wa kijana ilimwagikia nguo za kanisani. Tokeni ya stima iliisha usiku wa manane. Mwajiri alianza kumkata pesa kwa kuchelewa Jumatatu. Kifua kilimbana wiki mbili. Na gesi iliisha katikati ya Juni, ule mtungi mdogo wa kilo 6, haikujazwa tena. Nakuomba msomaji uiweke gesi hiyo akilini.

Kila mtu na maelezo yake

Majirani kwenye ploti walikuwa na jibu kabla ya wiki kuisha: msichana mwenye pete anayetapika asubuhi ana mimba. Maneno hayo yalimfikia mama mwenye nyumba, kutoka hapo yakamfikia shangazi, na shangazi akampeleka zahanati akiwa na hasira. Kipimo cha mimba kilikuwa hasi. Kipimo cha malaria pia hasi. Walimpa dawa za maumivu na za kifua, akarudi nyumbani.

Nawapongeza wale wa zahanati kwa kupima malaria, kwa sababu walimuuliza swali linalosahaulika: umesafiri wapi? Kanda ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi kuliko sehemu yoyote ya Kenya, na mtu anayeishi Nakuru hana kinga ya aliyekulia Kisumu. Anayelala huko wikendi bila chandarua anaweza kuugua wiki moja au mbili baadaye akiwa amesharudi kwenye baridi. Lakini malaria haichagui Jumatatu ikapona Jumatano bila dawa.

Mwajiri alisema ni visingizio vya mtu aliyekesha na mchumba. Jamaa mmoja wa upande wa baba alisema ni kijicho, kuna mtu hakufurahia ile pete. Shangazi, kama nilivyosema, aliona ni moyo unaokataa.

Binti mwenyewe alikuwa na maelezo yake, na hayo ndiyo yaliyonitia hofu kuliko yote. "Mama," aliniambia, "nikiwa Kisumu sina hata chembe ya ugonjwa. Nikirudi kwangu naumwa. Labda Mungu ananionyesha niache kazi nihamie huko sasa, nisingoje mahari." Alikuwa tayari amemdokezea mwenzake kwamba huenda akaja na mizigo mwezi wa nane.

Shangazi na binti walikuwa wakitazama jambo moja: anaumwa Nakuru, haumwi Kisumu. Mmoja akaona dalili ya kuvunja uchumba, mwingine akaona dalili ya kuukimbilia. Uamuzi wowote kati ya hiyo miwili ungebadilisha maisha ya binti, na wote wawili ungekuwa umejengwa juu ya kichwa kinachouma.

Nilichouliza

Sikumuuliza kama anampenda. Nilimwambia anieleze Jumapili usiku, tangu anaposhuka kwenye boda boda hadi Jumatatu anapofungua macho, asiache kitu hata akiona ni upuuzi.

Mdogo wake humngoja. Jumapili mchana huwa kwa shangazi, jioni anarudi, na akipigiwa simu kwamba dada amefika Salgaa anawasha jiko la makaa kwenye veranda. Dada akifika ugali unasongwa, maji ya kuoga yanapashwa. Kufikia hapo ni karibu saa tano na makaa bado ni mekundu, kwa sababu jiko limewashwa kwa kuchelewa. Kuyazima ni hasara. Nje upepo unakata. Wanangoja moshi uishe kabisa, kisha wanaliingiza jiko ndani, wanafunga dirisha, wanaukunja mtandio na kuusukuma chini ya mlango, wanalala.

"Na matundu ya hewa juu ya dirisha?"

"Tuliyaziba mwezi wa sita, Mama. Baridi ilikuwa inaingilia pale." Walikuwa wameyaziba kwa mabaki ya sweta aliyoyatoa kazini, wakayashindilia vizuri.

Nikauliza swali la mwisho. Mdogo wako huamkaje Jumatatu?

Alinyamaza kidogo, kisha akasema mdogo naye hulalamika kichwa, na wiki moja alitapika njiani akienda shule. Walidhani anamwiga dada yake, au hataki hesabu za asubuhi.

Hapo nilimaliza kuuliza. Mdogo hana pete. Hajaenda Kisumu. Hana mimba, hana mama mkwe, hana mtu wa kumwonea kijicho. Alichonacho sawa na dada yake ni hewa ya chumba kile.

Makaa yasiyo na moshi

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndipo penye hatari na ndipo watu wazima wenye akili zao hukosea kila msimu wa baridi, kuanzia Molo hadi Timboroa hadi Nakuru mjini.

Makaa yakiungua mahali ambapo hewa haitoshi hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi tunaoukimbia hutoka makaa yanaposhika moto mwanzoni, nao una ubaya wake, lakini angalau unatufukuza. Makaa yakishakuwa mekundu moshi unakwisha, na ndipo mtu husema sasa ni salama, leta ndani. Kumbe gesi ile inaendelea kutoka usiku kucha. Hata jiko la kauri lenye mkanda wa bati, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980 na linalookoa makaa kweli, halimwokoi mtu na hili. Linapunguza makaa unayochoma, ila makaa ni makaa.

Ikishavutwa, gesi hiyo inaingia kwenye damu na kushika himoglobini, ile sehemu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inazunguka, moyo unapiga, lakini oksijeni haifiki inakotakiwa. Ubongo ndio hulalamika kwanza: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, hasira zisizo na sababu. Ikizidi, aliyelala haamki. Na akiwa amelala hana wa kumwambia kwamba kichwa kimeanza kuuma.

Wengine huamini gesi hii hutulia chini, hivyo wa kitandani yuko salama kuliko wa godoro la sakafuni. Si kweli. Uzito wake unakaribia ule wa hewa ya kawaida na huenea chumba kizima.

Mtu akitoka nje, damu hujisafisha polepole: baada ya saa nne au tano hivi nusu ya gesi imeondoka. Ndiyo maana binti alikuwa hoi saa kumi na mbili asubuhi, na kufikia alasiri anafanya kazi kama wenzake. Ndiyo maana mwajiri aliona ni visingizio. Na ndiyo maana alipofika zahanati, mchana wa Jumatatu, hapakuwa na kitu cha kuonekana.

Jambo lingine ambalo kila nyumba yenye mgonjwa ingefaa kulijua: kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni, hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyoshikwa na gesi hii. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu anayekaribia kuzimia. Zahanati kilionyesha 98. Kipimo cha kweli hufanywa kwa damu katika hospitali zenye mashine yake, na aliyeathirika sana hupewa oksijeni kwa barakoa, inayoipunguza ile gesi haraka kuliko hewa ya kawaida. Kwingine kote, kinachobaki ni kumsikiliza mgonjwa: umelalaje, nani mwingine anaumwa, ukitoka nje unapona?

Kwa nini Jumatatu hasa? Siku nyingine jiko huwashwa saa kumi na mbili jioni, chakula kinaiva mapema, na kufikia saa ya kulala limebaki majivu yenye joto. Siku hizo binti alikuwa na kichwa kizito kidogo, alichokizoea. Jumapili tu ndipo makaa mapya yaliingia ndani yakiwa na nguvu zao zote. Na Kisumu? Kisumu hakuna anayeota moto Julai.

Niliwaambia siku ile ile: jiko lisivuke mlango tena, hata likionekana limezimika, na yale mabaki ya sweta yatolewe kwenye matundu. Nilimwomba binti asiahirishe safari ya wikendi iliyofuata, maana nilitaka tujue. Akaenda Kisumu, akamwona mchumba yule yule, akarudi kwa barabara ile ile usiku ule ule. Blanketi la pili lilitoka kwa shangazi. Jumatatu aliamka na usingizi wa mtu aliyesafiri, bila maumivu. Mdogo wake akaenda shule akiimba. Jumatatu zilizofuata zikawa hivyo hivyo.

Kwa nini makaa?

Wengi wangeishia hapo: jiko limetolewa, binti amepona. Mimi sikuridhika, kwa sababu binti huyu amekaa Kaptembwo miaka na hakuwahi kulala na jiko. Nikauliza kwa nini mwaka huu.

Akasema gesi iliisha. Kwa nini hukujaza? Hapakuwa na pesa. Pesa zilikwenda wapi? Hapo hakuwa na jibu la haraka, akaona aibu. Tulichukua daftari la mdogo wake tukaandika matumizi yote ya Julai kadiri alivyokumbuka. Nauli peke yake, kwenda na kurudi na boda boda za mwisho wa safari, ilikuwa imepita kodi ya nyumba. Hapo bado mchango wa msiba, zawadi ya kumpelekea mama wa kijana, sukari na majani ya chai ya bibi. Mshahara ulikuwa ule ule, tena umekatwa kwa kuchelewa. Katika hesabu hiyo kujaza mtungi, jambo la zaidi ya shilingi elfu moja kwa mkupuo, kulisogezwa wiki hadi wiki, na makaa ya mkebe yakachukua nafasi yake kwa kuwa hununuliwa kidogo kidogo.

Kwa hiyo pete ilihusika. Shangazi hakukosea kabisa kuona kwamba ugonjwa ulianza na uchumba. Uchumba ulileta safari, safari zikala gesi, gesi ikaleta makaa, na baridi ikafunga dirisha.

Kulikuwa na jambo la nauli ambalo vijana wa kwetu watalielewa upesi. Mchumba alikuwa akituma nauli, lakini ya kwenda tu. Hakuwa mchoyo, alidhani ya kurudi anayo. Naye binti hakuweza kusema hana, wala hakuweza kusema "wikendi hii nimechoka" baada ya pesa kuingia kwenye simu. Tunajua jinsi wasichana wanavyosemwa kwamba wamekula nauli. Aliogopa jina hilo kuliko alivyoogopa Londiani usiku. Akawa anakwenda hata akiwa na homa. Mzaha huo tunaourudia kila siku una uzito kwa anayeubeba, na natamani wanaume waufikirie kabla ya kuucheka.

Mchumba na mama yake

Kijana alikuja Nakuru Agosti ilipoanza, baada ya binti kumweleza habari ya jiko. Nilimkuta ameketi akitazama yale matundu juu ya dirisha, hasemi. Hakujua gesi imeisha. Hakujua kuhusu pesa zinazokatwa kazini. Alichojua ni kwamba kila wikendi mchumba wake hufika akitabasamu, amebeba sukari. Binti alikuwa amemficha kwa makusudi, kwa kuwa aliambiwa na wakubwa kwamba mchumba anayeombaomba kabla ya ndoa hudharauliwa baada ya ndoa. Wakubwa hao wapo wengi na wanasema hivyo kwa nia njema, lakini siwaungi mkono. Anayetaka kukuoa anastahili kujua unalala vipi.

Ndipo nilipomuuliza binti lile swali la shangazi, mwenzake akiwa nje na mdogo wake. Alijibu bila kufikiri: "Nampenda, Mama. Nilichochoka ni barabara."

Mama wa kijana sitaki asomwe vibaya. Ni mjane, mwanawe mkubwa ni huyu, na kwake mwali kuja mara kwa mara ni furaha na ndivyo yeye mwenyewe alivyolelewa. Tatizo ni kwamba upande ule walikuwa wameanza kumwita "mke wetu" na kumhesabia majukumu ya mke, wakati upande wa Malava hawajapokea chochote. Ayie, ambayo kwa desturi ya Wajaluo hupewa mama wa binti kabla ya ng'ombe kuzungumzwa, haijapelekwa. Wazee wa Malava nao wana mahari yao ya kujadili kwa taratibu zao.

Niliwaeleza wote wawili sheria inavyosema, maana kila mmoja alikuwa na uvumi wake. Kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, ahadi ya kuoana haimlazimishi mtu kuoa wala kuolewa, ingawa aliyepata hasara mwenzake akivunja ahadi anaweza kudai fidia. Pete si ndoa. Ndoa ya kimila, pale mila inapotaka mahari, huthibitishwa hata kwa sehemu ndogo ya mahari iliyotolewa, na taratibu zikishakamilika wanandoa wanatakiwa kumjulisha msajili wa ndoa ndani ya miezi 3. Binti alishangaa kusikia kwamba kuhamia Kisumu na mizigo yake mwezi wa nane, kabla ya lolote, kungemweka mahali ambapo angejiita mke bila kuwa na cha kuonyesha. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wake wa Januari 2023, ilisema wazi kwamba kudhania watu wameoana kwa sababu tu wanaishi pamoja ni jambo la nadra lenye masharti magumu.

Walipofikia

Walipanga wenyewe, mimi nilikaa kando nikinywa chai. Kijana ataanza tena kuja Nakuru, zamu kwa zamu, na mwenye zamu ya kukaribisha ndiye anayelipa nauli ya kwenda na kurudi. Hakuna kusafiri Jumapili usiku: akienda, anaondoka Kisumu asubuhi baada ya ibada ya kwanza, au haendi. Gesi kijana aliijaza kesho yake, na binti alikubali kuipokea baada ya mabishano marefu kuliko niliyotarajia.

Kazi ndiyo bado. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za likizo yenye malipo kwa kila mwaka aliotumikia. Binti hajawahi kuchukua hata moja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuichukua pale karakanani. Agosti ndipo sweta hushonwa usiku na mchana kabla ya shule kufunguliwa muhula wa tatu, na alijua akiomba wakati huo ataonekana adui. Ameamua kuomba siku chache Desemba, kwa maandishi, na abaki na nakala. Pesa zilizokatwa hajaziuliza. Nafikiri angeuliza, yeye anafikiri bado mapema, na anayekula kutokana na kazi hiyo ni yeye.

Shangazi alichukua muda. Alikuwa ameshamwambia ndugu yake wa Malava kwamba mtoto hataki ndoa, na kurudisha neno kama hilo si rahisi. Alichofanya ni kwenda mwenyewe kwenye ile ploti ya Kaptembwo, mlango hadi mlango, akiwaambia wanawake habari ya makaa. Alikuta majiko ndani ya vyumba zaidi ya kimoja, na kimoja kina mtoto wa miezi mitatu. Mama mwenye nyumba alikubali matundu yazibuliwe kwenye vyumba vyote, ila dirisha la binti, lililokwama na halifunguki zaidi ya kiganja, amesema fundi atakuja. Hajaja. Binti amempa hadi mwisho wa Septemba, na amekwisha kuangalia chumba kingine upande wa Mwariki.

Bibi wa Malava ameomba mambo yasubiri mahindi yavunwe na yakaushwe, ili wageni wa Kisumu wasikute ghala tupu. Ayie imepangwa Desemba. Shangazi ameniomba tufuatane siku hiyo, nami nimekubali, kwa sharti kwamba tulale Kakamega na turudi mchana.